Umri wa Sonny Liston

Waamuzi watatu walikuwa hawajakubaliana. Wengi wanaolisimulia pambano la Miami Beach la Februari 25, 1964 hilo hulisahau. Raundi 6 zilikuwa zimekwisha. Kadi moja ilimpa Sonny Liston, moja ilimpa Cassius Clay, ya tatu ilisema sare. Kengele ya raundi ya 7 ikalia, na bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mtu aliyeogopwa kuliko bondia yeyote wa wakati ule, akabaki kitini. Hakuangushwa, wala hakuhesabiwa. Tangu Jess Willard mwaka 1919, hapakuwa na bingwa wa uzito huo aliyepoteza ubingwa kwa kukaa.

Ubishi ulianza usiku uleule na haujaisha. Je, Clay alimpiga bingwa au alimpiga mzee? Nimeusikia kwenye vijiwe vya ngumi vya Dar es Salaam tangu ujana wangu, na kwa kweli sisi watu wa pwani hatukuwa waamuzi wa haki hata siku moja. Asubuhi ya pili yake Clay alithibitisha kwamba ameingia katika Uislamu, na siku chache baadaye akawa Muhammad Ali. Ndipo akawa wetu. Kumwambia mzee wa Kariakoo kwamba Ali alimpiga babu aliyechuja ilikuwa kutafuta kunyimwa kahawa. Na wale wasiompenda Ali nao walikuwa na jibu lao tayari: Liston alikuwa na miaka 40 na ushee, ila alificha.

Mimi nimekaa miaka mingi kwenye meza ambayo watazamaji hawaiangalii, meza ya kupima uzito na kuandika majina katika ngumi za ridhaa. Kazi yenyewe ni ya karani: mzani, daftari, kalamu, na foleni ya vijana waliovua mashati. Uzito hauna taabu, kwa kuwa mzani unasema wenyewe. Taabu ni safu ya umri. Zamani tulipokea jibu lolote, kwa sababu nusu ya vijana hawakuwa na cheti cha kuzaliwa na wazazi wao walihesabu kwa mwaka wa njaa au mwaka wa mafuriko. Baadaye vyeti vikaja, na uongo ukaja navyo. Mwaka mmoja walinijia ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, kila mtu na karatasi yake. Kwa karatasi zile mama yao aliwazaa kwa kupishana miezi 5, na kaka mtu ndiye alikuwa mdogo. Nilipomuuliza kaka, akanijibu bila haya: "Mzee, hiyo ni karatasi ya ngumi. Ya shule iko nyumbani."

Kwa hiyo habari ya kuzaliwa kwa Liston hainishangazi, ingawa Wamarekani huiandika kama fumbo kubwa. Alizaliwa kwenye mashamba ya pamba ya kaunti ya St. Francis katika jimbo la Arkansas, mahali panapoitwa Sand Slough. Baba yake, Tobe Liston, alilima ardhi ya mtu na kugawana mazao na mwenye ardhi. Watoto wa Tobe kwa wake wawili wanatajwa kuwa 25, na Sonny alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Hakuna aliyekwenda ofisini kuandikisha mtoto wa mkulima mweusi huko mashambani. Iko hadithi kwamba tarehe yake ilichongwa kwenye mti na mti ukakatwa. Iwe kweli au la, inafanana na hadithi nyingi nilizoambiwa mezani kwangu. Shule hakuipata. Alikua hajui kusoma, akazeeka hajui kusoma, na alipigwa na baba yake mpaka makovu yakabaki mgongoni.

Sasa fuata karatasi. Sensa ya mwaka 1940 ilimwandika ana miaka 10. Mwanzoni mwa 1950, alipokamatwa St. Louis kwa unyang'anyi, yeye alisema ana miaka 20, gazeti la mjini likaandika 22. Alipoanza ngumi za kulipwa alitumia Mei 8, 1932, na tarehe hiyo ndiyo aliyoishi nayo. Mtafiti mmoja aliyepekua sensa na maneno ya mama yake alifikia Julai 22, 1930. Basi usiku wa Miami alikuwa na miaka 31 kwa karatasi ya ngumi, 33 kwa mtafiti, 36 kwa gazeti, na 40 kwa wenye midomo. Mimi ningeandika 33 au 34, kwa sababu karani wa sensa wa 1940 hakuwa na faida yoyote ya kumwongezea wala kumpunguzia mtoto wa shambani. Hakujua kwamba atakuwa bondia.

Tuseme 34. Je, ni mzee? Hapo ndipo mabishano ya vijiweni yanapokwama, maana umri peke yake hausemi kitu katika uzito wa juu. Jersey Joe Walcott alitwaa ubingwa mwaka 1951 akiwa na miaka 37. Archie Moore, ambaye naye alikuwa na miaka miwili ya kuzaliwa, wa mama yake na wa kwake, alikuwa ameshapita 35 kwa hesabu yoyote alipopata ubingwa wa uzito wa juu mwepesi Desemba 1952, akakaa nao kwa miaka. George Foreman aliurudisha mkanda mwaka 1994 akiwa na miaka 45. Upande wa pili, Rocky Marciano aliona ameshatosha akiwa na 32, akaondoka bila kupoteza pambano. Ukitaka kujua kama bondia amechuja, usimwombe cheti. Muulize alipigana lini mara ya mwisho, na raundi ngapi.

Raundi za Liston zinasema wazi. Aliachiwa kutoka gereza la Jefferson City, Missouri, Oktoba 1952. Humo ndimo makasisi wa Kikatoliki walimvisha glovu. Mwaka uliofuata akatwaa mashindano ya Golden Gloves kule Chicago, akimpiga njiani Ed Sanders aliyekuwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya 1952, na Septemba akaingia ngumi za kulipwa. Mwaka 1956 alimpiga polisi, akafungwa tena, akakosa mwaka 1957 wote. Halafu akarudi, na hapo ndipo tunapomkuta Liston wa kweli. Aprili 1959 alimmaliza Cleveland Williams katika raundi ya 3. Williams alikuwa na ngumi nzito, alimtoa Liston damu puani, na Liston hakurudi nyuma hata hatua. Machi 1960 wakarudiana Houston: raundi 2. Mwezi uliofuata, hapohapo Houston, Roy Harris hakumaliza raundi ya kwanza. Julai, kule Denver, akaanguka Zora Folley katika raundi ya 3. Folley alikuwa bondia fundi, mtu ambaye mabingwa walimkwepa. Septemba mwaka huohuo, mjini Seattle, Eddie Machen alimkimbia raundi 12 zote, na Liston akashinda kwa pointi.

Filamu za kipindi hicho zipo. Tazama mkono wake wa kushoto. Urefu wa mikono yake ulikuwa inchi 84 kwa mtu wa futi 6 na inchi 1, na jebu yake haikuwa ya kupapasa kama ya mabondia wengi. Ilikuwa ngumi kamili, ilisimamisha watu. Lakini zaidi ya mkono, tazama miguu. Mwaka 1960 mguu wa mbele wa Liston ulikwenda pamoja na jebu. Akikosa, alikuwa bado amesimama juu ya miguu yake na tayari kwa la pili.

Kwa nini mtu huyu hakupewa pambano la ubingwa mwaka 1960? Bingwa alikuwa Floyd Patterson, na meneja wa Patterson, Cus D'Amato, hakutaka kumsikia. Alikuwa na kisingizio, na kisingizio kilikuwa na ukweli: nyuma ya Liston walikuwapo Frankie Carbo na Blinky Palermo, wahuni waliokuwa wameishika biashara ya ngumi Marekani, na Desemba 1960 Liston mwenyewe aliitwa mbele ya kamati ya Seneti kuhojiwa. Mwaka 1961 jimbo la Pennsylvania likamfungia kwa muda kwa sababu ya kukamatwakamatwa na polisi. Yote haya yanajulikana. Kinachopitwa ni kile miaka ile ilichoufanyia mwili wake.

Baada ya raundi 12 za Machen, Liston alipanda ulingoni mara 4 tu mpaka Miami. Machi 1961 Howard King hakuvuka raundi ya 3. Desemba Mjerumani Albert Westphal alilala katika raundi ya kwanza. Septemba 25, 1962, Chicago, alimwangusha Patterson kwa dakika 2 na sekunde 6, akawa bingwa. Julai 22, 1963, Las Vegas, akampiga tena kwa dakika 2 na sekunde 10. Jumlisha. Mtu huyu alipigana karibu robo saa katika miaka mitatu na nusu. Dunia iliona mnyama asiyeshindika. Mimi karani naona bondia asiyejua tena raundi ya 5 inafananaje. Mzani nao ulikuwa ukisema: ratili 214 kwa Patterson wa kwanza, 215 kwa wa pili, 218 kwa Clay. Si unene wa kuchekesha, ila ulikuwa ukienda upande mmoja.

Wala hakuna aliyemlazimisha kujiandaa kwa zaidi ya hapo. Kati ya waandishi 46 waliokuwa Miami, 43 walimpa Liston ushindi. Kamari ilikuwa 7 kwa 1. Gazeti la New York Times halikuona haja ya kumtuma mwandishi wake mkuu wa ngumi, likampeleka kijana Robert Lipsyte, akiwa ameagizwa aijue njia ya kutoka ukumbini mpaka hospitali, asije akachelewa Clay akipelekwa huko. Na tusiwacheke sana. Clay alikuwa ameshinda mapambano 19, lakini miezi minane nyuma Henry Cooper alimkalisha chini mjini London, na Doug Jones alimpa raundi 10 za shida. Asubuhi ya kupima uzito Clay alipiga kelele kama mwenye jini. Daktari alikuta moyo wake ukipiga mara 120 kwa dakika, wakati kawaida yake ilikuwa 54. Wakasema kijana kashikwa na woga. Nimeona vijana wa namna hiyo mezani kwangu, na nakiri kwamba mara nyingi kelele zao huishia raundi ya kwanza. Huyu hazikuishia hapo.

Jioni ile Liston alitoka kwenye kona yake kama mtu anayewahi daladala. Alitaka kumaliza mapema. Alirusha jebu, ikakosa, akarusha nyingine kutoka mbali zaidi, ikakosa. Miguu ilibaki nyuma, mwili ulitangulia. Wasiowahi kuvaa glovu hawajui kwamba konde lililokosa huchosha kuliko lililopata. Lililopata husimamishwa na mwili wa mwenzako, lililokosa huna budi kulisimamisha mwenyewe, na bega ndilo linalolipa. Katika raundi ya 3 Clay akamchana chini ya jicho la kushoto, mahali ambapo Liston hakuwahi kuchanika maisha yake yote ya ngumi. Mwisho wa raundi ya 4 macho ya Clay yakaanza kuwaka kwa kitu fulani. Wengine wanasema ni dawa kutoka kwa Liston, wengine wanasema mengine. Alitaka glovu zikatwe, arudi nyumbani. Kocha wake, Angelo Dundee, akamsukuma katikati ya ulingo.

Raundi ya 5 ndiyo ninayowaomba vijana waitazame. Clay haoni. Ananyoosha mkono kupima umbali, anakimbia, anajikunja. Na Liston, mtu aliyempiga Folley, anashindwa kumfunga kwenye kamba mtu kipofu. Anampiga mwilini, ndiyo, lakini hawezi kuandamanisha makonde matatu. Dakika tatu zile ndizo ushahidi mzito wa wanaosema alikuwa amekwisha, na siwezi kuwabishia kwa hilo. Liston wa Houston angemaliza kazi.

Kisha ikaja raundi ya 6, Clay akiwa na macho yake, na Liston akapigwa atakavyo kijana. Akarudi kitini, hakuinuka. Alisema bega la kushoto limekufa. Wapo waliocheka, na wapo waliosema kauza pambano. Daktari wa kamisheni na wenzake walimchunguza hospitalini usiku uleule wakakuta msuli umechanika, na malipo yake yaliyokuwa yamezuiwa yakaachiliwa. Mimi naamini bega. Lakini naamini pia kwamba bega la mtu aliyezoea raundi nyingi halichaniki kwa kurusha ngumi hewani kwa dakika 18, na kwamba bingwa aliyeshiba ubingwa haoni sababu ya kupigana kwa mkono mmoja.

Hapa nawageukia upande wa pili, wale wa "alikuwa mzee tu". Mwaka 1954, mjini Detroit, Liston alikutana na mtu anaitwa Marty Marshall. Marshall hakuwa na ngumi za kutisha wala jina. Alikuwa mchekeshaji, anaruka, anakwepa kwa namna isiyo ya kitabuni, anapiga kutoka mahali usipotegemea. Alimvunja Liston taya, na Liston baadaye alidai alikuwa amefungua kinywa akimcheka. Akashindwa kwa pointi katika raundi 8. Walipigana mara tatu, na ingawa Liston alishinda mbili zilizofuata, ya mwisho ilibidi aende umbali wote. Wakati ule alikuwa kijana kwa cheti chochote utakachochagua. Miaka 6 baadaye Machen naye alikimbia, akazunguka, akasimama mpaka kengele ya mwisho. Watu hawa wawili walimpa Liston usiku mrefu kabla ya Clay, na wote walikuwa wale wasiosimama mahali pamoja. Clay alikuwa na ujanja huo huo, ila mrefu kuliko wao, mwepesi kuliko wao, na akiwa na ngumi inayochana. Liston hakuwahi kuwa na dawa ya mtu wa namna hiyo, akiwa na miaka 22 au 34.

Marudiano ndiyo habari ya kusikitisha zaidi, na ndiyo isiyosimuliwa. Yalipangwa Boston, Novemba 16, 1964, na safari hii Liston alifanya mazoezi ya kweli. Siku tatu kabla, Ali akapelekwa hospitali kwa ngiri, akapasuliwa. Pambano likasogezwa miezi sita. Kijana wa miaka 22 hupoteza nini kwa miezi sita? Hakuna. Mtu wa umri wa Liston aliyekwishausukuma mwili wake mpaka ukafika pale haufikishi tena. Walipokutana Mei 25, 1965 katika mji mdogo wa Lewiston, jimbo la Maine, mbele ya watu 2,434, Liston alianguka raundi ya kwanza kwa ngumi ambayo wengi ukumbini hawakuiona. Kuhusu usiku ule sitaandika zaidi. Hakuna anayejifunza ngumi kutoka Lewiston.

Watu hudhani hadithi yake iliishia hapo. Alipigana miaka mingine 5, akianzia Sweden, akashinda pambano baada ya pambano dhidi ya watu wa kawaida. Kambini alikuwa akisukumana mazoezini na kijana George Foreman, na Foreman alikuja kusema kwamba Liston ndiye aliyeweza kumrudisha nyuma. Foreman huyo ndiye aliyetua Kinshasa mwaka 1974 dunia nzima ikiamini atamuua Ali, kama ilivyoamini Miami. Na Desemba 6, 1969, Las Vegas, Leotis Martin alimlaza Liston kifudifudi katika raundi ya 9. Huo ndio usiku aliopigwa akiwa mzee. Pambano la mwisho, Juni 1970, alimchana Chuck Wepner uso mzima, akashinda. Miezi michache baadaye mkewe alimkuta nyumbani amekufa. Jiwe la kaburi lake Las Vegas limeandikwa 1932–1970. Karatasi ya ngumi ikashinda mpaka mwisho.

Kama mnataka kuona bingwa aliyepita wakati wake, msimtafute Liston wa Miami. Mtazameni Ali mwenyewe. Februari 1980 alikuja hapa Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter kumshawishi Mwalimu Nyerere asusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu akakataa kumwona. Umri wake haukuwa siri, alizaliwa Januari 17, 1942. Oktoba 2 mwaka ule, akiwa na miaka 38, alipanda ulingoni na Larry Holmes, akapigwa raundi 10 bila kushinda hata moja machoni pa yeyote, mpaka Dundee akasimamisha. Pale hapana ubishi wa kijiweni. Huyo alikuwa amechuja, na waliompa leseni walijua.

Hukumu yangu juu ya Liston, basi. Usiku wa Februari 25, 1964 alikuwa ameshapungua, na kilichompunguza ni miaka mitatu na nusu ya kungoja na kushinda haraka kuliko mwaka wowote wa kuzaliwa. Liston wa 1960 asingekata tamaa kitini. Angesimama na Cassius Clay mpaka kengele ya raundi ya 15, na angepigwa kwa pointi.